Vita vya Mbali, Mzigo wa Nyumbani

Mada iliyotolewa katika semina ya Haki na Amani kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo



UTANGULIZI

Nimeombwa kuzungumza nanyi juu ya vita vinavyopiganwa mbali na jinsi vinavyowafikia watu wa kawaida nyumbani. Huenda baadhi yenu mkajiuliza, mada hii ina maana gani kwetu. Nchi yetu haipigani na Urusi wala na Ukraine. Mkulima wa Ludewa au wa Mbozi hajapata kuiona Bahari Nyeusi, na pengine hataiona kamwe. Kwa nini basi tukae siku nzima tukijadili ugomvi wa watu wengine?

Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Tumezoea kuitumia methali hiyo tukifikiri kwamba tembo na nyasi wamo katika mbuga moja. Jambo ninalotaka tulitazame leo ni gumu zaidi, nalo ni kwamba nyasi zaweza kuumia hata katika mbuga ambayo tembo hao hawajaikanyaga. Na hapo ndipo penye hatari. Mtu asiyejua aliyemkanyaga humlaumu jirani yake, au hujilaumu mwenyewe, au humwachia mjanja nafasi ya kumkanyaga mara ya pili. Kujua chanzo cha shida zetu ni sehemu ya haki, na haki ndiyo msingi wa amani.

Nitafuata njia mliyoizoea katika Jumuiya zetu, yaani kuona, kupima na kutenda. Ni njia aliyoieneza Padre Joseph Cardijn miongoni mwa vijana wafanyakazi wa Ubelgiji, na Baba Mtakatifu Yohane XXIII akaikubali katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961.

SEHEMU YA KWANZA: KUONA

1. Jambo hili si geni kwetu

Mwaka 1914 mataifa ya Ulaya yaligombana kwa mambo yasiyomhusu Mgogo, Mhehe wala Mmakonde. Hata hivyo, vita hivyo vilipiganwa katika ardhi yetu kwa miaka minne. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja katika mapigano ya Afrika ya Mashariki. Waliokufa walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao waliuawa na kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Jina la Kariakoo, pale Dar es Salaam, limetokana na maneno ya Kiingereza yaliyomaanisha Kikosi cha Wapagazi. Kila siku maelfu ya watu hupita pale kununua na kuuza, na ni wachache wanaokumbuka kwamba jina hilo ni la watu waliobebeshwa mizigo ya vita visivyo vyao.

Huko Ugogoni majeshi yalichukua nafaka, mifugo na vijana wenye nguvu za kulima. Mvua ilipokosekana, hapakuwa na akiba ghalani wala mikono shambani. Njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920 wazee waliipa jina la Mtunya. Ukame peke yake Wagogo walikuwa wamekwisha kuuzoea na walikuwa na njia zao za kuuvuka. Vita ndivyo vilivyowanyang'anya njia hizo. Na amani nayo ilichelewa kufika. Ulaya ilinyamazisha mizinga tarehe 11 Novemba 1918, lakini jeshi la Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck lilisalimisha silaha tarehe 25 Novemba, huko Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia.

Mwaka 1973 Waarabu na Waisraeli walipigana tena. Katika muda wa miezi michache bei ya mafuta ghafi duniani ilipanda karibu mara nne, wakati ambapo nchi yetu ilikuwa pia na ukame. Fedha za kigeni zilizokusudiwa kununua dawa na mashine zilitumika kununua mafuta na chakula.

Miaka mitano baadaye, mwezi Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Vita hivyo vilikuwa vyetu wenyewe, na tulikuwa na haki ya kujilinda. Lakini kwa mtu wa Mtwara au wa Songea navyo vilikuwa vita vya mbali. Hakuona kifaru wala hakusikia mzinga. Alichokiona ni magari ya mazao kuchukuliwa kwa kazi ya jeshi, na baadaye sabuni, sukari na khanga kuadimika madukani. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi kumi na minane. Tunafahamu kwamba dhiki ilidumu zaidi ya hapo, hasa kwa kuwa bei ya mafuta ilipanda tena mwaka 1979. Wenye umri mkubwa kati yetu wanazikumbuka foleni, na wanaikumbuka bidhaa iliyokosekana dukani mchana na kupatikana mlango wa nyuma usiku. Hadi mwaka 1983 Serikali ililazimika kuendesha msako mkubwa wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Tulikumbuke jambo hilo: vita vilileta upungufu, na upungufu ukawazaa walanguzi.

2. Vita vya Ukraine na meza ya mlalahoi

Tarehe 24 Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Vita hivyo vilitufikia kwa njia nne.

Njia ya kwanza ni mafuta ya magari na mitambo. Mwezi Machi 2022 pipa la mafuta ghafi lilipita dola 120 katika soko la dunia. Hapa nchini bei ya lita moja ya petroli ilivuka shilingi 3,000, ingawa Serikali ilianza mwezi Juni mwaka huo kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kuipunguza. Mwezi Mei nauli za daladala na mabasi zilipandishwa. Kijana wa bodaboda, mama anayesafirisha nyanya kutoka Ilula, mwenye mashine ya kusaga kijijini kusiko na umeme, wote hao walilipa sehemu yao. Na kila mmoja alimpitishia mwenzake mzigo, hadi ulipomfikia yule asiye na wa kumpitishia. Huyo ni mjane anayenunua unga kwa kibaba.

Njia ya pili ni mbolea, nami naomba tukae hapo kidogo, kwa sababu wengi wetu ni wakulima. Mbolea ya urea hutengenezwa kwa kutumia gesi asilia. Urusi ni mmoja wa wauzaji wakubwa kabisa wa mbolea duniani, na Belarusi, rafiki yake katika vita hivyo, ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa madini ya potashi. Tuwe wakweli: bei ilikwisha kuanza kupanda mwaka 2021, kutokana na bei ya gesi na vurugu za usafirishaji zilizofuata ugonjwa wa UVIKO-19. Vita vilikuta mti umeinama, vikauangusha. Mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi 120,000. Tarehe 8 Agosti 2022, katika sikukuu ya Nane Nane huko Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku, na mfuko wa DAP au wa urea ukawekewa bei ya shilingi 70,000 kwa mkulima aliyeandikishwa.

Tufanye hesabu ya mkulima wa ekari moja ya mahindi anayetumia mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia. Kwa bei ya soko alihitaji zaidi ya shilingi 240,000 kabla hajalipia mbegu wala kibarua. Kwa ruzuku alihitaji 140,000. Asiyeipata ruzuku kwa wakati alikuwa na njia tatu tu: kukopa, kupunguza mbolea, au kupunguza shamba. Anayepunguza mbolea huvuna gunia chache, na gunia chache maana yake ni mlo mmoja kwa siku katika miezi ya Januari na Februari. Kwa namna hiyo, risasi iliyofyatuliwa katika msimu mmoja huua katika msimu unaofuata, na anayekufa njaa hahesabiwi miongoni mwa waliokufa vitani.

Njia ya tatu ni ngano na mafuta ya kula. Kabla ya vita, Urusi na Ukraine kwa pamoja ziliuza zaidi ya robo ya ngano yote iliyosafirishwa kati ya mataifa, na zaidi ya nusu ya mafuta ya alizeti. Bandari za Ukraine zilipofungwa, walionunua alizeti walikimbilia mawese. Mwishoni mwa Aprili 2022 Indonesia ilizuia mawese yake yasitoke kwa muda wa wiki kadhaa, ili kulinda wananchi wake. Ndiyo sababu mama wa maandazi katika stendi zetu alikuta dumu la mafuta limepanda na unga wa ngano umepanda kwa wakati mmoja. Hakuwa na la kufanya ila kupunguza ukubwa wa andazi. Mkataba wa kupitisha nafaka katika Bahari Nyeusi ulitiwa sahihi mjini Istanbul tarehe 22 Julai 2022 na kuleta nafuu. Urusi ilijitoa mwaka mmoja baadaye.

Njia ya nne husahauliwa, kwa sababu inawapata wasio na sauti. Shirika la Chakula Duniani lilikuwa likinunua sehemu kubwa ya ngano yake nchini Ukraine. Chakula kilipopanda bei na misaada ya mataifa tajiri ilipoelekezwa kwingine, migao ya wakimbizi ilikatwa. Wakimbizi wa Kongo na Burundi waliokuwa Nyarugusu na Nduta, mkoani Kigoma, walipunguziwa posho ya chakula mwaka 2023 hadi karibu nusu ya kiasi kilichostahili. Watu hao walikimbia vita vyao, kisha vita vya wengine vikawafuata ndani ya sahani.

3. Bahari na watoto wetu

Kuanzia Novemba 2023, kutokana na vita vya Gaza, wapiganaji wa Kihouthi wa Yemeni walianza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu. Makampuni mengi ya meli yaliamua kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika. Safari iliongezeka kwa siku nyingi. Kahawa yaweza kuvumilia, lakini parachichi la Njombe au la Rungwe haliwezi kungoja.

Na kuna hasara isiyopimwa kwa shilingi. Vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israeli kujifunza kilimo waliuawa katika mashambulio ya tarehe 7 Oktoba 2023. Mwili wa mmoja uliletwa nyumbani mwezi uliofuata, na wa mwingine ulibaki Gaza kwa zaidi ya miaka miwili. Kijana mwingine aliyekwenda Urusi kusoma alifungwa gerezani huko, akaahidiwa kuachiliwa iwapo atapigana, naye akafa vitani Ukraine mwezi Oktoba 2022. Wazazi wao hawakuwa upande wowote wa vita hivyo.

SEHEMU YA PILI: KUPIMA

Kanisa linatufundisha nini? Yohane XXIII, katika barua Pacem in Terris ya tarehe 11 Aprili 1963, alionyesha kwamba amani hujengwa juu ya ukweli, haki, upendo na uhuru. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulilaani vita vinavyoteketeza miji pamoja na watu wake, na ukaeleza kwamba mashindano ya silaha huwaumiza maskini kupita kiasi. Paulo VI aliianzisha Tume ya Kipapa ya Haki na Amani mwezi Januari 1967, na tangu mwaka 1968 tunaadhimisha Siku ya Amani kila tarehe 1 Januari. Tarehe 25 Machi 2022 Baba Mtakatifu Fransisko aliziweka Urusi na Ukraine chini ya Moyo Safi wa Maria, nasi tulisali pamoja naye.

Kwa mwanga huo, napenda tuyapime makosa matatu yaliyomo kati yetu.

Kosa la kwanza ni kusema, "Hayo hayatuhusu." Tumekwisha kuona kwamba yanatuhusu hadi kwenye chungu cha jikoni. Lakini hata kama bei isingepanda kwa senti moja, mtoto anayefukiwa na kifusi huko Kharkiv, Gaza au Khartoum ni ndugu yetu. Kaini ndiye aliyeuliza kama yeye ni mlinzi wa ndugu yake, na sisi hatuitwi kurithi swali lake.

Kosa la pili ni kushabikia vita kama watu wanavyoshabikia timu za mpira. Vijiweni, na hata kwenye baraza za kanisa baada ya Misa, wapo wanaofurahia mji fulani kupigwa kwa sababu wanaichukia Marekani, au wanaichukia Urusi. Wapo waliotumia vita vya Gaza kuwatazama majirani zetu Waislamu kwa jicho baya, au kutazamwa nao hivyo. Ndugu zangu, hiyo ni kuvileta vita vya mbali sebuleni kwa hiari yetu wenyewe. Bei ya mafuta hatuwezi kuizuia. Chuki tunaweza.

Kosa la tatu ni kuvifanya vita kisingizio. Hapa lazima tuwe wa haki kwa mfanyabiashara pia. Mwenye duka akiuza dumu la zamani kwa bei ya zamani, huenda fedha hiyo isimtoshe kununua dumu jipya, na duka lake likafa. Kupandisha bei kwa ajili ya kuweza kununua tena si dhambi. Dhambi ni kuficha mali ghalani huku ukiwaambia watu kwamba imekwisha. Dhambi ni kupandisha kwa elfu tano pale gharama ilipopanda kwa elfu moja, ukisema, "Ni vita hivyo, mama, si mimi." Dhambi ni kuuza mbolea iliyochanganywa na mchanga. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza vipimo na kuongeza bei, waliongoja kwa hamu sikukuu ipite ili wawanyonye maskini. Baadhi ya watu wa namna hiyo hukaa kiti cha mbele kanisani na kuongoza michango ya ujenzi. Mchango wao hauufuti wizi wao.

Kwa upande wa Serikali, tushukuru kwa ruzuku zilizotolewa, maana ziliwaokoa wengi. Pia tuseme ukweli kwamba katika sehemu mbalimbali wakulima walilalamikia umbali wa vituo vya kuuzia, foleni ndefu, na mbolea iliyofika mvua zikiwa zimekwisha kuanza. Ruzuku isiyomfikia mwenye jembe la mkono kwa wakati humsaidia aliye na gari.

SEHEMU YA TATU: KUTENDA

Parokia haiwezi kusimamisha vita. Inaweza, hata hivyo, kuzuia mnyonge asibebe peke yake mzigo wa vita. Napendekeza mambo yafuatayo.

Kwanza, tuwe na habari za kweli. Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA kila mwezi, na bei elekezi za mbolea hutangazwa na mamlaka husika. Katibu wa Haki na Amani wa kila Kigango azibandike kwenye ubao wa matangazo. Mtu anayejua bei halali hadanganyiki kwa urahisi.

Pili, tupunguze utegemezi. Samadi na mboji hazipiti Bahari Nyeusi. Hazitoshi kuchukua nafasi ya mbolea ya viwandani katika kila shamba, lakini mkulima mwenye ng'ombe wawili na shimo la mboji hatikiswi kama asiyekuwa nalo. Tuunge mkono pia mbolea inayotengenezwa nchini, kama ile ya Minjingu mkoani Manyara na ile ya kiwanda cha Nala, Dodoma.

Tatu, tununue na kuuza pamoja. Kaya kumi za Jumuiya moja zikichanga nauli ya gari moja la kuleta mbolea, kila kaya hulipa kidogo. Wakati wa mavuno, tukatazane kuuza mahindi yakiwa bado shambani kwa bei ya kutupa, kisha kuyanunua tena mwezi Januari kwa bei ya kuumiza. Ghala la Jumuiya na chama cha ushirika kilicho safi ni silaha za amani.

Nne, kila Jumuiya iandike majina ya kaya zisizo na wa kumpitishia mzigo: wajane, wazee wanaolea wajukuu, wagonjwa. Bei zinapopanda, kaya hizo zitembelewe kwanza, bila kungoja ziombe. Majimbo ya jirani na kambi yaendelee kuwakumbuka wakimbizi, na sisi wa mbali tuwasaidie kwa sadaka.

Tano, tuwalinde vijana. Kijana akipata nafasi ya masomo au kazi nchi za nje, wazazi wasione haya kuuliza: nani anayemwalika, mkataba unasemaje, ubalozi wetu una habari? Kijana asiondoke kwa siri kwa ahadi ya mtu asiyejulikana.

Sita, tuzungumze na viongozi wetu, madiwani na wabunge, kwa heshima na kwa hesabu mkononi. Tuwaulize mbolea itafika lini, akiba ya chakula ya Taifa ikoje, na walanguzi wanachukuliwa hatua gani.

Saba, tusali. Nimeiweka sala mwisho ili iyafunge yote, maana anayesali kwa ajili ya amani asubuhi hawezi kuficha mafuta ghalani mchana pasipo dhamiri kumsuta. Tusali pamoja na majirani zetu Waislamu panapowezekana, kwa ajili ya wote wanaokufa, pasipo kuuliza kwanza ni wa upande gani.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Katika Jumuiya yenu, ni kaya zipi zilizopunguza chakula, mbolea au ada ya shule kwa sababu ya kupanda kwa bei tangu mwaka 2022? Mlizisaidiaje?

2. Mfanyabiashara Mkristo afanye nini ili asipate hasara na pia asimnyonye mnunuzi wakati wa upungufu?

3. Je, vita vya mbali vimeleta ubaguzi au maneno ya chuki katika kijiji au mtaa wenu? Ni nani anayeweza kuanza kuyatuliza?

4. Chagueni jambo moja kati ya saba yaliyopendekezwa. Litaanza lini, na ni nani atakayelisimamia?

Maria, Malkia wa Amani, atuombee.

Tumsifu Yesu Kristo!